Naomba Nirudishiwe Goti Langu

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Tiba,

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA MWANAFUNZI WAKO WA MWAKA WA KWANZA

Naomba barua hii ikukute mzima. Na kama si mzima, naomba ugonjwa wako uwe wako mwenyewe, kwani kwetu sisi jambo hilo halina uhakika tena.

Utaona kwamba juu ya karatasi sikuandika anwani ya nyumbani. Sikusahau. Kabla ya kung'olewa kwetu nilikuwa msahihishaji wa maandiko katika kiwanda cha uchapaji, na mtu wa kazi ile hasahau anwani. Sikuiandika kwa sababu hapa nilipo ni mahali pa kupitia tu. Ni kweli kwamba nimekuwa nikipitia kwa muda mrefu, hata watoto waliozaliwa mwaka niliofika wameanza kuota mvi. Lakini kupita ni kupita, na sijaona sheria inayomtaka mtu apite upesi.

Uliniuliza katika barua yako kama niko radhi mwanafunzi wako aendelee kututembelea akiingia mwaka wa pili. Ulieleza kwamba nikikubali atabaki nasi hadi amalize masomo, na nikikataa atapelekwa nyumba nyingine, upande wa pili wa mji, na hatarudi. Nakushukuru kwa kuniuliza. Watu wengi wamenihamisha katika maisha yangu bila kuniuliza. Jibu langu ni hapana. Sababu zangu nitazipanga kwa namba ili usihangaike kuzitafuta.

Kwanza nikukumbushe mpango wenyewe, maana najua una shughuli nyingi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa nyumba moja ya kuitembelea kila Jumatano. Darasani husoma mifumo ya mwili mmoja baada ya mwingine: mifupa, moyo, mapafu, tumbo. Kisha huja kuutazama mfumo huohuo kwa mtu aliye hai, pamoja na mambo yanayomzunguka mtu huyo: analala wapi, anapumua hewa gani, anazungumza na nani. Aliyebuni mpango huu namvulia kofia. Baada ya kuivua ningependa kumpiga nayo.

1. KUHUSU GOTI

Mwanafunzi wako alikuja mara ya kwanza wakati wa somo la mifupa. Ni binti mwembamba, mwenye koti jeupe lililomzidi mabega, na aliniita babu kabla hajaketi. Nilimwambia kwamba sina ujamaa naye. Akajibu, "Sawa, babu," akafungua mkoba wake.

Nilimwonyesha goti langu la kulia. Mheshimiwa, goti hili nimeishi nalo miaka mingi. Nililijua linapouma asubuhi na linapouma kwa sababu ya mvua. Lilinisaidia kukwepa mikutano ya wapangaji, harusi za watu nisiowafahamu, na salamu za kusimama. Binti alilikunja, akalikunjua, akalisikiliza kwa kiganja. Kisha akatoka nje, akaketi kwenye ngazi, akazitazama ngazi kama mtu anayetazama picha ya mifupa. Aliporudi alisema, "Babu, goti lako limechoka tu. Zinazoumwa ni ngazi."

Nilidhani ni mzaha wa kitoto. Jioni ile alimfuata mwenye nyumba, anayekaa chini karibu na mlango mkubwa, akamweleza kwamba kukosekana kwa kitu cha kushikia ndiko kunakoumiza goti langu. Mwenye nyumba ni mtu anayeogopa lawama kuliko anavyoogopa moto. Wiki haikwisha, likafungwa bomba la kushikia toka chini hadi juu, na tangu siku hiyo akiniona huuliza, "Goti langu linaendeleaje?"

Goti lake. Amenipokonya. Na kwa kuwa bomba lipo, sina tena udhuru. Nimeshahudhuria harusi mbili.

2. KUHUSU MOYO NA MISHIPA

Mkabala na mlango wangu anakaa mama mshonaji. Kwa miaka yote ya ujirani wetu tulijuana kwa njia ya heshima, yaani hatukujuana. Cherehani yake ilinguruma, nami nilisoma vitabu vyangu, na ukuta ulifanya kazi yake kati yetu.

Ulipofika wakati wa somo la moyo, mwanafunzi wako alinifunga kile kitambaa cha mkononi akapima shinikizo la damu. Likawa juu. Akangoja. Cherehani ikanyamaza, akapima tena, likashuka. Cherehani ikaanza, likapanda. Mtu mwenye busara angesema ni bahati mbaya. Yeye alivuka ukumbi akabisha hodi, na mama mshonaji akaelezwa kwamba mishipa yangu na mguu wake vinafanya kazi pamoja bila kufahamiana.

Mama huyu ana dhamiri kubwa mno. Kila asubuhi anabisha hodi kwangu kuuliza, "Shikamoo baba. Shinikizo letu limeamkaje?" Zingatia neno "letu", Mheshimiwa. Na kwa kuwa hataki kushona nguo nzito nikiwa ndani, hunitoa. Hunituma uzi. Hunituma vifungo. Mimi niliyesoma vitabu ambavyo majina yake tu yangemchosha mtu, sasa najua tofauti ya uzi wa jinzi na uzi wa hariri, na muuza vifungo ananiita fundi.

Wateja wake nao hunisimamisha kwenye ngazi. Mmoja aliniambia mbele za watu, "Mzee, gauni langu la sendoff limechelewa kwa ajili ya mishipa yako." Nikamwomba radhi. Ndiyo, nilimwomba radhi bibi harusi kwa niaba ya damu yangu.

3. KUHUSU MAPAFU

Dirisha langu lilipakwa rangi na mpangaji aliyenitangulia likiwa limefungwa, na rangi ikaligandisha. Sikuona ubaya. Dirisha lililofungwa ni ukuta unaopitisha mwanga.

Mwanafunzi wako aliniuliza lilifunguliwa lini mara ya mwisho. Nilimjibu kwamba swali hilo amwulize aliyelifunga. Akapanda juu kumwita dereva wa magari ya mizigo anayeishi juu ya kichwa changu. Mtu huyo sikuwahi kumwona uso. Nilimfahamu kwa viatu tu, na moyoni nilimwita Bwana Viatu. Alishuka na patasi, akaligonga dirisha pembeni mara kadhaa, likafunguka na vumbi la miaka likatumwagikia sote. Aliponipa mkono nilishangaa kuona kwamba ana mikono.

Tangu hapo hewa inaingia, sikatai. Lakini kilichonileta kwako ni hiki: dirisha lina pande mbili. Zamani nilikohoa kwa faragha. Siku hizi nikikohoa mara moja, Bwana Viatu anagonga sakafu juu, mama mshonaji anagonga ukuta, na mwenye nyumba anapaza sauti toka chini, "Nani huyo, ni mzee?" Mtu wa umri wangu anastahili kikohozi kimoja kisicho na hadhira.

4. KUHUSU TUMBO

Wakati wa somo la chakula na tumbo, binti aliniuliza, "Babu, unakula na nani?"

Nikamjibu, "Na kijiko."

Nilidhani nimemkata kauli. Kumbe aliliandika jibu langu, akalipeleka darasani, na nasikia mwalimu wenu alilisifu, akasema tumbo la mtu anayekula na kijiko peke yake lina habari nyingi. Jumatano iliyofuata nililetewa dawa. Dawa yenyewe ilikuwa watu.

Mpango ulipangwa kama vidonge: mara moja kwa siku, baada ya kazi, kwa zamu. Jumatatu nakula kwa mama mshonaji, ambaye haniruhusu kuondoka hadi nimalize dozi. Alhamisi mwenye nyumba anakuja kwangu na sahani yake, anakula akiangalia goti lake. Bwana Viatu hana siku maalumu kwa sababu ya safari zake. Huyo ameandikiwa atumiwe pale maumivu yanapozidi. Nilipolalamika kwamba sina maumivu, alinijibu, "Mzee, mimi ninayo." Tukala.

Mimi huwa nakubali hoja ikiwa imesimama, na hiyo ilisimama. Lakini bado ni uonevu.

5. KUHUSU MFUMO MZIMA

Hapa ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

Siku moja mwanafunzi wako alituketisha wote ukumbini, juu ya ndoo na viti vya kuazima, akatueleza alichojifunza mwaka mzima: kwamba hakuna mfumo wa mwili unaofanya kazi peke yake, na kwamba nyumba nayo ni hivyohivyo. Yeye alikusudia mfano. Wapangaji wakauchukua kama ugawaji wa vyeo.

Mwenye nyumba akasema yeye ni moyo. Mama mshonaji akamwambia, "Moyo gani, baba? Wewe ni figo. Unachuja kila kinachopita na kurudisha kidogo." Bwana Viatu alikubali kuwa miguu bila ubishi. Mama mshonaji mwenyewe akapewa ngozi, kwa kuwa ndiye anayetufunika, akafurahi. Kinyozi wa chumba cha chini, ambaye bomba la maji machafu linapita ukutani kwake, aliona mapema mazungumzo yanakoelekea, akasimama akasema, "Mimi utumbo siwi. Nitahama." Ilibidi abembelezwe. Hadi leo ndiye bega, cheo ambacho hakipo katika mfumo wowote niliowahi kuusoma.

Mimi walinipa kumbukumbu. Nikakataa. Nikasema kwa adabu zote kwamba mimi si kiungo cha nyumba hii. Mimi ni kama mwiba ulioingia mguuni, kitu kigeni, na mwili wenye afya unapaswa kukitoa. Nikaona nimeshinda.

Binti akafikiri kidogo, kama mtu anayepekua daftari kichwani, kisha akasema, "Babu, mwili ukishindwa kukitoa kitu kwa muda mrefu, hukizungushia nyama. Baada ya hapo ukikivuta, ndipo unapoumia."

Sijamsamehe kwa kauli hiyo. Nimeifikiria kila siku, na sijamsamehe.

6. KUHUSU SWALI LISILO LA TIBA

Nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo zito. Kila Jumatano, kabla ya kufunga mkoba wake, mwanafunzi wako alikuwa ananiuliza, "Babu, nyumbani ni wapi?" Nami nilimjibu, "Mbali," naye aliandika "mbali" bila kubisha.

Siku moja, sijui ni kwa sababu ya hewa ya dirishani, nilimjibu kwa kirefu. Nilimweleza nyumba tuliyoiacha. Nilimweleza mlango wa mbele, uliokuwa umelegea bawaba, hata ikakulazimu uuinue kidogo ndipo uusukume. Wageni walihangaika nao. Mtu wa nyumbani ulimjua kwa namna alivyoufungua bila kelele. Baba yangu alikataa kuutengeneza. Alikuwa akisema kwamba huo ndio ufunguo wetu.

Mtu mwingine angeniuliza tulipoteza nini. Wengi wameniuliza, na jibu ninalo tayari, nimelisahihisha mara nyingi hata halina kosa. Yeye aliniuliza, "Nani alikuwa wa mwisho kuufunga?"

Ni mke wangu, Mheshimiwa. Aliuinua, akauvuta, akaujaribu kwa bega kuona kama umeshika, kana kwamba tunakwenda sokoni. Hakuwahi kuufungua tena, wala huu wa hapa hakuuona sana.

Nilipomaliza kusema hivyo, mwanafunzi wako hakuniambia pole. Alinifunga kile kitambaa, akapima, akanionyesha. Shinikizo lilikuwa limeshuka kuliko siku zote, na cherehani ilikuwa inanguruma. Ni jambo la kuudhi sana mtu kuonekana ana nafuu wakati anataja kinachomuuma. Kama huo ndio utabibu mnaofundisha, wazazi wa wanafunzi wajulishwe.

7. KUHUSU HATARI KWA KITIVO CHENYEWE

Sasa nakuomba ufikiri pamoja nami kwa utulivu. Kama goti ni la mwenye nyumba, shinikizo ni la mama mshonaji, kikohozi ni cha jengo zima na njaa ni ya Bwana Viatu, basi mgonjwa ni nani? Hayupo. Kutakuwa na majirani tu. Hospitali zitabaki na vitanda vitupu. Mwenye duka la dawa atauza viti, ili watu wapate pa kukalia wakizungumza. Madaktari bingwa watazunguka mitaani na patasi wakifungua madirisha. Nawe, Mheshimiwa, uliyesoma kwa taabu, utaitwa usiku na mchana kufunga mabomba ya kushikia kwenye ngazi. Naandika kukulinda.

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali nzuri, lakini inamtaka mwenyeji. Katika chumba changu mwanafunzi ni mgeni na mimi ni mgeni. Hapo apone nani?

Tena ukumbuke kwamba alipokuwa kwenye mitihani hakuja wiki nzima na nyingine. Nyumba haikukalika. Mwenye nyumba alikaa mlangoni akitazama barabara. Kinyozi aliniuliza kama nimepata habari zake, nami nikamjibu kwamba binti si wangu. Akasema, "Najua, mzee, nakuuliza kama amepata habari zetu." Huo ndio uharibifu ninaousema. Umetuletea mtu mmoja wa kutupima, na sasa tunapungukiwa naye kama damu.

KWA HIYO NAOMBA YAFUATAYO:

Kwanza, nirudishiwe goti langu, likiwa na maumivu yake yote ya awali.

Pili, utumwe mtu atutambulishe upya sisi wapangaji kuwa hatujuani.

Tatu, mwili ufundishwe kama zamani, vipandevipande, kila kipande na mwenyewe.

Nne, mwanafunzi wako ahamishiwe hiyo nyumba ya upande wa pili wa mji, kwa watu wenye magonjwa ya kawaida. Asibughudhiwe katika maksi zake. Ana mkono mwepesi, anasikiliza kabla ya kuandika, na hajawahi kuchelewa. Kosa lake ni kufanikiwa tu.

Nisalimie walimu wote wa kitivo, hasa yule aliyelisifu jibu langu la kijiko. Mwambie nilikuwa natania. Wasalimie wanaofua makoti meupe, na ikiwezekana mmoja wao ampunguzie binti yule mabega ya koti lake. Msalimie yule wa mifupa mitupu mnayemweka darasani kwenye kona. Huyo angalau hajaulizwa anakula na nani.

Ni mimi, kwa heshima na bila kukasirika,

Mzee wa Kupita

N.B. Nilimsomea mama mshonaji barua hii akiwa na sindano mdomoni. Alipoitoa aliniuliza kama ni malalamiko au ni posa. Nikamwambia ni malalamiko. Akachukua kipimo chake cha utepe, akasema hakuna haja ya kuwasumbua wafua makoti. Binti alete koti Jumatano, atalipunguza mwenyewe. Nilimwambia Jumatano binti hatakuwepo, nimeshamkatalia kwa maandishi. Akaendelea kushona kama mtu asiyesikia.

Nikashuka kuipeleka barua posta mwenyewe. Chini ya ngazi nikakumbuka kwamba, kama msahihishaji, siwezi kutuma barua ambayo haiwezi kujibiwa. Kwa hiyo naomba majibu yako yaletwe nyumbani. Ni jengo lenye kinyozi, ghorofa ya tatu, mlango unaotazamana na cherehani. Nisipopatikana, niko kwa mama mshonaji. Nisipopatikana kwake, gonga bomba la ngazi, mwenye nyumba atajua. Wote tukikosekana, Bwana Viatu yuko safarini na sisi tumekwenda kumpokea.

Ni vizuri majibu ayalete mwanafunzi wako kuliko mtu mwingine, kwa sababu moja ya kiufundi. Kwa wingi wa watu wanaoingia na kutoka, mlango wangu umelegea bawaba. Mwenye nyumba alikuja jana na bisibisi ili autengeneze, nikamkataza. Ukisukuma tu, haufunguki. Inabidi uuinue kidogo kwanza. Yeye anajua.